Chombo cha zamani kinapoingiza maji: tafuta kwanza, ziba baadaye

Maji yakipwa Bagamoyo, vyombo vikabaki vimekaa mchangani, utaona mashua nyingi za zamani zimejaa viraka: bati hapa, lami pale, ukanda wa tairi umepigiliwa kwenye fashini (mti wa wima wa mbele au wa nyuma ya chombo). Nyingi kati ya hizo bado zinavuja, kwa sababu aliyeziba alifuata mahali maji yalipoonekana, wala hakufuata yalikoingilia.

Maji yakishapita ubao hayatulii. Yanateremka ndani ya ubavu, yanaandama taruma (mti uliopinda unaoshika mbao kwa ndani), yanapita chini ya sakafu, na kujitokeza mita mbili tatu kutoka pale yalipoingia, mara nyingi upande wa tezi kwa kuwa vyombo vingi huelemea nyuma. Ukiziba pale yanapotokea, tena kwa ndani, umeyafungia katikati ya mbao yaozeshe polepole pasipoonekana. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ni kutafuta. Mahali pakishajulikana, kuziba kwenyewe aghalabu ni kazi ya kupwa kwa maji mara moja.

Maji gani, na yanaingia lini

Fua maji yote, kausha ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapokusanyika) kwa tambara, ngoja yaingie mengine, kisha yaonje. Yakiwa matamu, yanatoka juu: sitaha, shetri (sitaha ya nyuma), tundu la mlingoti, au turubai lililotoboka. Yakiwa ya chumvi, yanatoka baharini. Chombo chenye injini huchanganya ngama na dizeli na oili, kwa hiyo humo usionje ya ngamani. Chota yanayotiririka juu zaidi kabla hayajafika chini.

Swali la pili ni lini. Chombo kinachoingiza maji usiku na mchana kikiwa kimetia nanga tu, bahari shwari, kina tatizo chini kabisa: kwenye mkuku (mti mkuu wa chini unaobeba chombo chote), ubao wa kwanza unaokaa juu ya mkuku, au fashini ya mbele na ya nyuma. Kinachovuja pale tu kinapopakia mzigo kina viungo vilivyokaushwa na jua juu ya mstari wake wa kawaida wa maji. Siku ya mzigo viungo hivyo vinazama na maji yanapenya. Kinachovuja tanga likiwa juu na upepo mkali, kisha kikatulia bandarini, kinanyumbuka: mlingoti unasukuma kitako chake chini huku ukivuta ubavu, na mbao za karibu na hapo zinaachana na kurudiana kila wimbi. Humo pamba pekee haitadumu. Lazima kwanza ukaze mataruma na misumari, ndipo ukalafati, yaani ujaze pamba kwenye mianya ya mbao. Kinachovuja baada ya kukaa mchangani, kagua mkuku na ubao wake wa kwanza. Na kinachovuja injini ikizunguka tu, nenda moja kwa moja kwenye shafti, mhimili unaozungusha rafadha.

Pima pia. Ngama ikiwa kavu, andika saa, ngoja saa nzima, kisha hesabu umefua lita ngapi. Fanya hivyo chombo kikiwa tupu, na tena kikiwa na mzigo. Tundu la msumari lenye upana wa milimita 6, likiwa nusu mita chini ya maji, huingiza kama lita 3 kwa dakika. Hizo ni karibu lita 190 kwa saa, zaidi ya ndoo tisa za lita 20. Kwa hiyo ukifua ndoo mbili kwa saa, usidhani lazima kuna tundu kubwa. Pengine unatafuta msumari mmoja uliolegea au mwanya wa urefu wa kiganja.

Matambara na majivu

Hii ndiyo njia inayookoa muda mwingi kuliko zote, na haigharimu kitu. Chini ya kila taruma, karibu na mkuku, kuna kitundu cha kupitishia maji. Kwanza vizibue vyote kwa waya mnene, maana kwa kawaida vimejaa matope, magamba ya samaki na vipande vya makuti. Taruma lililoziba kitundu hukaa na maji mwaka mzima, na hapo ndipo kuoza kunapoanzia.

Vikishazibuka, kausha ngama, kisha vizibe kwa makusudi: sokomeza tambara lililopakwa sabuni ya mche katika kila kitundu, kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Sasa kila nafasi kati ya taruma na taruma ni kisima chake. Kaa utazame. Kisima kinachotangulia kujaa ndicho chenye mvujo, au mvujo uko ubavuni juu yake. Visima viwili vya jirani vikijaa kwa mwendo mmoja, mvujo uko kwenye taruma linalovitenganisha, na mara nyingi ni msumari.

Ubavuni tumia majivu. Futa mbao za ndani zikauke, zinyunyizie majivu makavu yaliyochekechwa au unga wa chaki. Maji yakipita yataacha mchirizi mweusi. Ufuate mchirizi kwenda juu hadi unapoanzia, hapo tia alama. Ukiishia nyuma ya taruma, chungulia upande wa pili kwa tochi. Kama chombo kina mbao za kufunika ndani, zing'oe bila kuzionea huruma.

Kukikalisha mchangani

Bagamoyo ina ufuko mpana wa mteremko mdogo, na kwa kazi hii ni neema. Bamvua, yaani maji makuu yanayojaa na kupwa kupita siku nyingine, hufika kilele siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kabisa mnamo saa nne. Kwa kazi ya siku moja kikalishe chombo katikati ya ufuko maji yakiwa yamepwa nusu, upate saa tano hadi sita za ukavu. Kwa kazi ya siku nyingi kipandishe kwenye kilele cha bamvua, lakini fahamu kwamba kila jaa linalofuata litakuwa fupi kuliko la jana, na chombo kitabaki juu karibu wiki mbili. Anayehitaji siku mbili tatu tu apande kabla ya kilele, ili abaki na jaa kubwa zaidi la kumnyanyua.

Kagua chini pasiwe na jiwe wala nanga iliyozikwa. Weka gadi (miti ya kuegemeza chombo) mbili kila upande, kichwa cha gadi kikiwa mahali penye taruma kwa ndani. Gadi iliyoegemea ubao mtupu huusukuma ubao ndani, na umejiongezea mvujo mwingine. Chini ya kila gadi weka kipande cha ubao lisizame tope likilowa.

Chombo kikitulia, geuza mambo: mimina maji ndani yake. Maji ya bahari ndiyo yafaayo, kwani maji matamu huozesha mbao. Tia kidogo buluu ya kufulia ili uyatambue. Sentimita 20 hadi 25 juu ya mkuku zinatosha, usizidishe, kwa kuwa kila lita ni zaidi ya kilo moja na chombo mchangani hakina bahari ya kukishika ubavu. Kisha lala chini utazame nje. Mahali panapotoa jasho la buluu ndipo maji yanapoingilia, na hapo piga chaki. Zungukia chombo kizima kabla ya kugusa chochote, kwa sababu tone la kwanza kuonekana si lazima liwe ndilo kubwa.

Baada ya hapo pita na nyundo ndogo na kisu. Ubao mzima hulia kwa sauti kali, ulioliwa au uliooza hujibu kwa sauti nzito. Choma kwa ncha ya kisu: ikizama zaidi ya milimita 5 bila nguvu, ubao huo hauwezi kushika pamba wala msumari.

Kukalafati

Mwanya unaovuja uchokoe wote, na uongeze nusu mita kila upande wa alama. Tumia kulabu ya chuma kwa kuvuta, kwa uangalifu, usipanue mwanya wala kumega kingo zake. Pamba ya zamani ikitoka nyeusi, fupi na yenye kunuka, umefika mahali pake. Ikitoka nyeupe na kavu, huo mwanya ulikuwa mzima na pengine umekosea. Osha, pangusa, acha upepo ukaushe.

Mwanya mzuri ni mpana nje, milimita 3 hadi 5, na mbao zake zinagusana kwa ndani. Umbo hilo ndilo linaloizuia pamba isipenye hadi chini ya sakafu. Ukiona mwanga upande wa pili, au pamba inachungulia ndani, usiendelee kujaza. Mwanya uliozidi milimita 8 utilie ufito mwembamba wa mvule uliochongwa kwa kipimo, upigiliwe upande mmoja tu, kisha ukalafati mwanya mdogo uliobaki.

Pamba iwe ya nyuzi ndefu. Makapi ya magodoro yanakatika yakipigwa. Katani ya mkonge ni ngumu mno kwa mwanya mwembamba, inakaa juu juu. Pamba isokote kidogo iwe na unene wa penseli, ichovye kwenye sifa (mafuta ya papa) au mafuta ya nazi, ikamue isichuruzike. Itie mwanyani kwa chembeu (patasi ya kukalafati), ukiishikiza kila sentimita 5, kisha rudi mwanzo upige kwa nyundo ya mti. Mahali mwanya unapopanuka kunja pamba vikunjo vidogo vya karibu karibu, panapobana inyooshe. Kwa ubao wa milimita 38, pamba ijae kama nusu ya kina au theluthi mbili, ikibakiza milimita 5 hivi za juu kwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Sikiliza chembeu: mwanzoni sauti ni nzito, pamba ikikaza inakuwa kavu na ya juu. Ikifika hapo acha.

Kupiga kupita kiasi kunaharibu vyombo vingi kuliko kupiga pungufu. Mbao zikilowa hupanuka kwa upana. Chombo kilichokaa juani wiki mbili kina mianya mikubwa isiyo yake, nayo itajifunga kikirudi majini. Ukiijaza pamba kwa nguvu chombo kikiwa kikavu, mbao zikivimba hazina pa kwenda, zinasukumana, zinang'oa misumari na kuvunja mataruma. Kwa hiyo chombo kikavu kalafati kwa mkono mwepesi, na fanya pande mbili kwa zamu, mwanya mmoja kushoto, mmoja kulia.

Ubao haupanuki kwa urefu wake, ndiyo maana pale ncha ya ubao mmoja inapokutana na ncha ya mwingine hapajifungi kamwe kwa kulowa. Zikague ncha hizo zote hata kama hazikuonyesha buluu. Kwa hapo tu ndipo napendekeza pamba ikazwe sawasawa.

Juu ya pamba inakuja deheni: chokaa iliyochekechwa, ikikandwa na shahamu iliyoyeyushwa hadi donge lisigande vidoleni. Ijaze mwanyani kwa kidole gumba, kisha paka chini yote ya chombo kwa kiganja hadi mstari wa maji. Kazi yake ni mbili, kuilinda pamba na kuwazuia wadudu watoboao mbao. Haidumu. Baada ya miezi michache inamong'onyoka na lazima ikwanguliwe na kupakwa upya. Juu ya mstari wa maji paka sifa, mbao zisipasuke kwa jua. Rangi za kisasa za kuzuia wadudu zinafanya kazi vizuri, ila ziwekwe kwenye ubao mkavu usio na mafuta. Anayetaka rangi asianze na sifa.

Misumari

Katika chombo cha miaka ishirini na zaidi, misumari ndiyo huvujisha kimya kimya. Msumari wa chuma ukishika kutu unavimba kwanza na kupasua ubao, kisha unakonda na kuacha tundu lenye kingo nyeusi laini. Mbao iliyozunguka kutu hulainika na haishiki tena. Ukiona doa jeusi lenye mchirizi wa kutu chini yake, kwa ndani au kwa nje, huyo ni mtuhumiwa.

Usiupige ukaingia zaidi. Nyoosha au kata ncha iliyopindwa kwa ndani, uusukume utoke nje. Panua tundu kwa keekee hadi ufike ubao safi, kisha pigilia kigingi cha mvule kikavu kilichopakwa mafuta, nyuzi zake zikielekea sawa na za ubao. Msumari mpya usiupige palepale. Hama sentimita 4 au 5, na usiuweke kwenye mstari uleule wa nyuzi, ubao usije ukapasuka. Tumia msumari uliochovywa zinki, toboa kwanza kwa keekee ya milimita 5 kwa msumari wa milimita 6, zungushia uzi wa pamba yenye mafuta chini ya kichwa, piga, na ncha uipinde juu ya taruma. Usichanganye shaba na chuma kwenye ubao mmoja. Vikilowa maji ya chumvi chuma kitaliwa haraka sana.

Ubao ulioliwa

Mdudu wa baharini huingia kwa kitundu cha milimita moja au mbili, kisha ndani anachimba njia ya upana wa kidole yenye utando mweupe kama chokaa. Nje ubao unaonekana mzima. Kukalafati ubao huo ni kupoteza pamba. Ukate hadi upite kuoza kwa sentimita 20 kila upande, na ncha za kipande kipya zianguke kati ya taruma na taruma, zikiungwa kwa ndani na kibao kinachopita sentimita 20 kila upande wa kiungo. Viungo vya mbao jirani viachane angalau nafasi tatu za mataruma, visijipange mstari mmoja.

Mvule na mtiki ndizo mbao za kutegemea. Kata sehemu nyeupe ya nje ya gogo uitupe, maana hiyo huliwa kwanza hata kwenye mvule. Kwa mataruma wengi hupenda mbao za mikoko zenye upinde wake wa asili, lakini mikoko haikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Usinunue ufukweni kwa mtu asiyeweza kukionyesha.

Shafti

Pakini ya shafti (pete za kuzibia maji pale shafti inapotoka nje) inatakiwa idondoshe matone machache kwa dakika shafti ikizunguka, na ikome ikisimama. Ikimwaga, kaza nati zote mbili robo mzunguko kwa zamu, kisha gusa: ikiwa ya moto isiyoshikika, umebana mno. Ikiwa nati zimefika mwisho, toa pakini yote, hata pete ya ndani kabisa, weka mpya zilizokatwa kwa mshazari, na viungo vyake visifuatane.

Maji ya mvua

Kwa maji matamu ninasisitiza, kwa sababu watu huyadharau kwa kuwa ni machache. Chumvi huzuia kuvu inayoozesha mbao, mvua huilisha. Masika moja ya maji yaliyotuama chini ya shetri yanaweza kuharibu vichwa vya mataruma ambavyo bahari haikuvigusa kwa miaka. Funika chombo kwa turubai lililoinuliwa hewa ipite chini yake, na mvua ikikatika mwagia sitaha maji ya bahari.

Dawa zinazoua chombo

Saruji ngamani. Inaonekana imara, lakini haishikani na mbao, maji yanakaa kati yake na ubao, misumari inaoza bila kuonekana, na siku ya kutengeneza lazima uivunje kwa nyundo juu ya mkuku dhaifu. Lami kwa ndani, vivyo hivyo. Kiraka chochote cha ndani kinasukumwa na maji kitoke, cha nje kinasukumwa kikaze. Faiba juu ya chombo cha mbao kilichozeeka nayo inadanganya: mbao zinavimba na kunywea, faiba haifuati, inabanduka, na chini yake mdudu anaendelea.

Saruji ina nafasi yake baharini kwa dharura tu. Chombo kikitoboka mbali na pwani, sokomeza kwanza tambara lenye shahamu au kigingi kilichozungushiwa nguo, kikaze kwa mti ulioegemea taruma la upande wa pili. Maji yakipungua, zungushia kisanduku cha mbao ujaze saruji na mchanga kiasi sawa, ukiongeza magadi ili igande upesi. Ukifika, kivunje. Kwa mwanya mwembamba, unga wa msumeno ukimwagwa nje chini ya maji, karibu na mvujo, unavutwa ndani na kupunguza maji hadi ufike ufukweni.

Kukirudisha majini

Chombo kilichokauka kitaingiza maji siku ya kwanza hata kikitengenezwa vizuri. Mwagia mbao maji ya bahari asubuhi na jioni siku mbili kabla ya kukiteremsha, kiteremshe kitupu, na alale mtu ndani usiku wa kwanza mwenye pampu na ndoo ya akiba. Pima kila saa kama ulivyopima mwanzo. Kiasi kinatakiwa kishuke kila baada ya saa chache. Kikibaki palepale baada ya siku mbili, kuna msumari au ncha ya ubao iliyokupita, na matambara yarudi kwenye vitundu vya mataruma. Mzigo usipakiwe hadi ngama ilale usiku mzima bila kuhitaji zaidi ya ndoo moja.